Barua ya wazi kwa Waziri wa Haki ya Jamii wa India: kikombe cha dirishani

Tanga,
14 Aprili 2025

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Haki ya Jamii na Uwezeshaji,
Serikali ya India,
New Delhi.

Nakala: Ubalozi wa India, Dar es Salaam.

YAH: UKATILI NA UBAGUZI DHIDI YA WADALIT, NA MAJIBU TUNAYOPEWA TUKIULIZA

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfamasia, mwenyeji wa Tanga. Shahada yangu niliisomea katika jimbo la Maharashtra, 2013 hadi 2017. Chuo sitakitaja, waliokuwepo wanakijua, na wasiokuwepo jina halitawasaidia kitu.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza tuliiandika watu watano kwa msimamizi wa hosteli, ya pili kwa mkuu wa chuo, na ya tatu niliiandika peke yangu nikiwa nimesharudi nyumbani, kwenda ofisi moja ambayo nayo sitaitaja. Zote zilikuwa za Kiingereza, tena cha adabu. Ya kwanza ilijibiwa kwa mdomo, ya pili kwa aya moja, ya tatu haijajibiwa mpaka leo. Ndiyo maana hii nimeiandika kwa lugha ninayoota nayo, na hadharani. Wazazi wa huku wanaendelea kuwaleta watoto wao kwenu kusoma na wagonjwa wao kutibiwa, nao wana haki ya kusikia. Ubalozini Dar es Salaam hakukosekani mkalimani.

Tarehe nimeichagua makusudi. Leo ni siku aliyozaliwa Dkt. B. R. Ambedkar, mwaka 1891, mtoto wa watu walioitwa "wasioguswa", ambao leo hujiita Wadalit, aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika Katiba yenu. Leo sanamu yake inavishwa mashada ya maua nchi nzima. Basi na mimi shada langu ni hili.

Mwaka wa pili nilitoka hosteli nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Mama mkarimu, sitaki kumsingizia. Kila jioni alipika chai ya maziwa, tangawizi na iliki, na nyumba nzima ikanukia. Vikombe vyake vya chuma vilipangwa kwenye rafu, vinang'aa. Nje ya dirisha la jiko, karibu na bomba, palikuwa na kikombe kingine cha udongo mweupe, kimemeguka ukingoni, hakina mkono. Hicho kilikuwa cha mama aliyekuja kusafisha choo. Alipita mlango wa nyuma. Akimaliza kazi alikichukua mwenyewe, akakiinua, na chai ikamiminwa kutoka juu, birika lisiguse. Alikunywa amechutama kwenye ngazi, akakiosha mwenyewe, akakirudisha dirishani. Mwezi mzima nililiona jambo hilo bila kuliona. Siku nilipoliona kweli, niliona pia kwamba ubavuni mwa kikombe kile kulikuwa na kingine, cha bluu chenye ua. Changu. Nilikuwa nikidhani ni heshima ya mgeni kupewa kikombe cha peke yake.

Rafiki yangu alitoka Marathwada, eneo la jimbo lile lile, wa kwanza katika kijiji chake kusomea famasia. Aliingia kwa nafasi zilizotengewa matabaka yaliyoorodheshwa, ndilo jina la Wadalit kwenye sheria, kama sheria yenu inavyoruhusu. Swali la kwanza aliloulizwa hosteli lilikuwa "jina lako kamili nani?", maana kwenu jina la ukoo hutaja tabaka kabla mtu hajafungua mdomo. Akataja jina la kijiji badala ya la ukoo. Wakachimba wakapata. Wiki ile mlango wake uliandikwa kwa chaki namba aliyoshika kwenye mtihani wa kuingilia, ili kila apitaye ajue amepita kwa "kota". Jagi la maji likawa haliletwi kwenye meza yake. Usiku mmoja godoro lake tulilikuta kwenye korido, limelowa. Tulipolalamika, msimamizi alisema: "Hayo ni mambo ya vijana. Hapa hakuna matabaka. Nyinyi wageni hamwelewi." Mwaka wa tatu pesa ya ufadhili wa serikali ilichelewa, chuo kikazuia matokeo yake mpaka ada ilipwe, naye akafunga begi.

Sasa nieleze hoja zangu.

1. Ukatili huu humfuata mtu anapoinuka.

Tukiuliza, tunaambiwa ni mabaki ya zamani, ni ujinga wa vijijini, elimu na maendeleo vitauondoa. Naomba tupitie matukio yaliyomo kwenye kumbukumbu zenu wenyewe. Kilvenmani, Tamil Nadu, usiku wa 25 Desemba 1968: vibarua wa mashamba ya mpunga walikuwa wakidai nyongeza ya ujira. Watu 44, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto ndani ya kibanda walimokimbilia. Karamchedu, Andhra Pradesh, Julai 1985: Wadalit walikataa maji yao ya kunywa yasichafuliwe, na sita wakauawa. Khairlanji, kwenye jimbo lile lile nililosomea, 29 Septemba 2006: familia yenye shamba lake, mama asiyeogopa kwenda polisi, binti anayefanya vizuri shuleni. Mama, binti na wana wawili waliuawa na wanakijiji wenzao. Baba alinusurika kwa kujificha. Dharmapuri, Tamil Nadu, Novemba 2012: kijana Dalit na msichana wa tabaka la juu yake walioana, na nyumba zaidi ya 200 za Wadalit zikateketezwa. Gujarat, Machi 2018: kijana aliuawa, na baba yake akasema kisa ni kumiliki farasi.

Ujira, maji, shamba, shule, ndoa, farasi. Mheshimiwa, hakuna hata mmoja hapo aliyeuawa kwa kukaa kimya mahali alipowekwa. Ikiwa elimu ndiyo dawa, mbona binti mwenye madaftari ndiye aliyefuatwa nyumbani?

Na wanaofanya hivi mara nyingi si wale Wabrahmin wa vitabuni, wa tabaka la juu kabisa. Ni majirani wa ngazi moja au mbili juu, wakulima wenye ekari chache, ambao mali yao kubwa ni kwamba yupo mtu chini yao wa kuvuna kwa ujira wanaoupanga wao. Wadalit ni asilimia 16.6 ya watu wenu kwa sensa ya 2011, watu kama milioni 201, lakini ardhi ya kilimo wanayoilima kama yao haifiki asilimia 10. Asiye na shamba hulala akijua kesho atamwomba kazi yule yule aliyemtukana leo. Akipata shamba, au mwanawe akitumiwa mshahara kutoka mjini, yule mwenye ekari tatu anapoteza kibarua na anapoteza ukubwa kwa siku moja. Hapo ndipo fimbo zinapotoka.

Mwaka 2016 kule Una, Gujarat, vijana walifungwa kwenye gari wakapigwa hadharani kwa kuchuna ng'ombe aliyekwisha kufa, kazi ambayo jamii hiyo hiyo imewabebesha vizazi na vizazi na ambayo hakuna mwingine anayekubali kuigusa. Wenzao wakaibeba mizoga wakaitupa mbele ya ofisi za serikali: haya, zikeni wenyewe. Sijawahi kuona mgomo uliofafanua uchumi wa nchi kwa haraka namna ile.

Hilo la farasi wasomaji wa huku hawataliamini, kwa hiyo nilirudie. Yapo majimbo kwenu ambako bwana harusi Dalit akipanda farasi kwenda kuoa, kama wanavyofanya maharusi wengine wote, hushushwa kwa mawe. Kwetu bwana harusi husindikizwa na matarumbeta. Huyu husindikizwa na polisi.

2. Kuna unajisi usiotoka kwa maji.

Kwetu pwani najisi tunaijua. Mbwa akiramba chombo, unakiosha mara saba, moja ya hizo kwa udongo, na chombo kimetoharika. Najisi ni jambo lililompata mtu au kitu, na dawa yake ipo kisimani. Kwenu nilikuta mtu aliyezaliwa najisi, akioga ni najisi, akisoma udaktari ni najisi, na kisima chenyewe ndicho kinachoogopewa kuchafuka kwa mkono wake. Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu kwenda kunywa maji ya bwawa la Chavdar, mjini Mahad. Halmashauri ilikuwa imekwisha kulifungua kwa watu wote miaka mitatu kabla, lakini hakuna aliyethubutu. Walipokunywa walipigwa, na bwawa likatakaswa kwa mavi na mkojo wa ng'ombe.

Ibara ya 17 ya Katiba yenu ilifuta jambo hili mwaka 1950. Lakini katika utafiti mkubwa wa kaya wa 2011-12, zaidi ya robo ya waliohojiwa walikiri wenyewe kwamba nyumbani kwao bado wanatenga watu hivyo. Hao ni waliokiri. Na ndoa zinazovuka tabaka zilikuwa kama asilimia 5 tu. Unajisi hulindwa zaidi hapo, kwenye posa: mlango wa ndoa ukifungwa, shamba halitoki, jina halichanganyiki, na binti anayechagua mwenyewe anageuka tishio kwa ukoo mzima. Ndiyo maana damu nyingi humwagika kwa sababu ya mapenzi.

3. Sheria nzuri inapita kwenye mikono ya jirani.

Sheria zenu nimezisoma. Ile ya 1955 ya kuadhibu utengaji huo, na ile ya 1989 ya kuzuia ukatili dhidi ya matabaka na makabila yaliyoorodheshwa, iliyoimarishwa 2015. Ni kali kuliko nyingi tulizonazo huku. Tatizo ni safari ya mlalamikaji. Kituoni anamkuta askari ambaye ni mtoto wa mjomba wa mtuhumiwa. Anaambiwa arudi kesho. Kesho anakuta yeye ndiye aliyefunguliwa kesi, ya wizi au ya kumpiga mtu. Mashahidi wake wanalima kwenye shamba la mtuhumiwa, na mvua zimeanza.

Pamoja na hayo yote, mwaka 2022 kesi 57,582 za uhalifu dhidi ya Wadalit ziliandikishwa nchini kwenu. Najiuliza ni ngapi zilirudishwa "kesho".

Zikifika mahakamani nako kuna yake. Laxmanpur Bathe, Bihar, 1 Desemba 1997: Wadalit 58 waliuawa na jeshi binafsi la wenye ardhi. Mwaka 2010 mahakama iliwatia hatiani watu 26. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Patna ikawaachia wote 26. Watu 58 wamekufa na hakuna aliyewaua. Waliokuwa wamehukumiwa kwa Kilvenmani waliachiwa vivyo hivyo kwenye rufaa. Khairlanji watu walifungwa, lakini mahakama ikasema haikuona chuki ya tabaka ndani yake, kana kwamba kijiji kizima kiligombana na familia ile kwa bahati mbaya. Hathras, Uttar Pradesh, 2020, maiti ya msichana Dalit wa miaka 19, aliyekufa baada ya kushambuliwa, ilichomwa na polisi usiku wa manane, wazazi wake wakilia kwamba hawakuachiwa kumfanyia mazishi kwa mila zao.

Na tarehe 20 Machi 2018, siku ile ile ya bwawa la Mahad, Mahakama ya Juu ililegeza sheria ya 1989 kwa hoja kwamba inatumiwa vibaya. Watu walijaa barabarani tarehe 2 Aprili, baadhi wakafa, na Bunge likairudishia sheria meno mwezi Agosti. Bunge nalipongeza. Ila sheria ambayo lazima watu wafe ili ibaki ilivyokuwa, hiyo imeota mizizi mifupi sana.

4. Watu wanaendelea kufia kwenye mitaro ya maji taka.

Dar es Salaam nasi tunao wanaotapisha vyoo kwa ndoo. Ni kazi ngumu na ya aibu kwa jiji. Lakini mtapishaji wa Vingunguti mwanawe hazaliwi na ndoo mkononi, wala hakuna anayemuuliza babu yake alitapisha wapi. Kwenu kazi hii ni ya ukoo. Mliipiga marufuku 1993, mkaipiga marufuku tena 2013. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamuru kila familia iliyofiwa ilipwe rupia milioni 1, na Oktoba 2023 ikapandisha hadi milioni 3. Takwimu za serikali yenyewe bungeni zinaonyesha zaidi ya watu 300 wamekufa kwenye mitaro na mashimo hayo ndani ya miaka mitano.

Kinachoniudhi zaidi ni msamiati. Wizara yako imepata kulijibu Bunge kwamba hakuna aliyekufa kwa kazi iliyopigwa marufuku ya kuzoa kinyesi kwa mikono. Waliokufa walikuwa kwenye "usafishaji wa hatari wa mitaro". Mjane akiletewa maiti iliyokosa hewa ndani ya shimo, jina lipi kati ya hayo mawili limpunguzie msiba?

5. Vyuo.

Kisa cha rafiki yangu nimeshakisema. Tarehe 17 Januari 2016, tukiwa mwaka wa tatu, Rohith Vemula, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Hyderabad, alijiua baada ya yeye na wenzake wanne kufukuzwa hosteli na posho yake kusimamishwa. Mwaka 2024 polisi wa jimbo hilo, Telangana, walitaka kufunga jalada lake kwa maelezo kwamba hakuwa Dalit. Zogo lilipozuka ndipo wakasema watachunguza upya. Wiki mbili baada ya kifo kile, dada yetu mmoja, mwanafunzi wa Kitanzania, alishambuliwa na kundi la watu Bengaluru kwa ajali aliyoisababisha mtu mwingine, Mwafrika wa nchi nyingine kabisa. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo akasema si ubaguzi wa rangi, ni hasira za ajali. Tulikuwa sebuleni tukisikiliza taarifa ile. Rafiki yangu wa Marathwada akacheka, akasema: karibuni kwenye jibu letu.

Najua nitakayojibiwa.

Mtasema haya ni mambo ya ndani ya India. Mheshimiwa, mwaka 1946 India, kabla hata ya kupata uhuru, ilipeleka Umoja wa Mataifa malalamiko juu ya Wahindi wanavyotendewa Afrika Kusini. Serikali ya Afrika Kusini ilijibu kwamba hayo ni mambo ya ndani. Mlikataa jibu hilo, na mlikuwa sahihi, na Afrika nzima ilinufaika na ukaidi wenu. Miaka 55 baadaye, kwenye mkutano wa dunia wa kupinga ubaguzi wa rangi, mjini Durban, hapo hapo Afrika Kusini, serikali yenu ikapinga suala la matabaka lisiingizwe kwenye azimio. Sikutunga mimi, mji ule mliuchagua pamoja na dunia.

Mtasema nyani haoni kundule. Kweli. Pwani hii ilikuwa na waungwana na watwana, na mpaka leo kuna wazee kwenye posa wanaouliza "hao ni wa nani?" wakijua vizuri wanachouliza. Bibi yangu mzaa baba aliulizwa hivyo, na jibu lake halikuwapendeza. Sizungumzi nikiwa juu ya minara.

Mtasema Mwingereza ndiye aliyeyagandisha matabaka kwa sensa zake. Kwa sehemu, ndiyo. Lakini Mwingereza hakuwa jikoni kwa mama mwenye nyumba wangu. Na mtasema nafasi maalumu zimekwisha kuwapendelea Wadalit vya kutosha. Waulizeni walioandikiwa namba mlangoni.

Ninachoomba ni haya. Sheria ya 1989, kifungu cha 4, inamwadhibu mtumishi wa umma anayepuuza wajibu wake. Kitumieni. Tangazeni kila mwaka, wilaya kwa wilaya, askari wangapi wameshtakiwa kwa kukataa kuandikisha malalamiko. Tukiona sifuri tutajua tunaangalia nini. Mpango wenu wa kusafisha mitaro kwa mashine, NAMASTE, uwe na masharti: manispaa inayomshusha mtu shimoni ikatwe fedha, na mhandisi wake ashtakiwe, siyo kibarua wa mkandarasi. Ada za wanafunzi wa matabaka yaliyoorodheshwa zilipwe kabla muhula haujaanza, na chuo kisiruhusiwe kuzuia matokeo ya mtu kwa deni ambalo mdaiwa ni serikali. Ile Amri ya Rais ya 1950, inayowanyima Wadalit Wakristo na Waislamu hadhi ile ile waliyopewa Wahindu, Masingasinga na Wabudha, irekebishwe, maana kijiji hakimsahau mtu kwa kuwa amebadili msikiti au kanisa.

Na moja la kwetu. Tangu 2023 chuo chenu cha IIT Madras kina tawi Zanzibar. Sina lalamiko nacho, na nimefurahi vijana wetu wamepunguziwa nauli. Naomba tu kiwe na mahali panapojulikana pa kupeleka malalamiko ya tabaka na ya rangi, penye mtu wa nje ya chuo, na jibu liwe la maandishi ndani ya siku 30. Siku hizo hizo 30 naziomba na kwa barua hii.

Anuani yangu ipo nyuma ya bahasha. Jina kamili pia, lakini halitawaambia kitu kuhusu babu zangu.

Nawasilisha.

Mfamasia,
Tanga, Tanzania.